Glasi za shampeni zinazodumu: namna ya kuchagua kwa baa, mgahawa na sherehe za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini

Julai mmoja, asubuhi baada ya sendofu pale Uyole, tulikuwa tunaosha vyombo nyuma ya ukumbi. Glasi za shampeni zilikuwa zimelala nje usiku kucha ndani ya kreti, na anayeijua Uyole mwezi wa saba anajua baridi yake. Dada tuliyekuwa tunasaidiana naye akazipanga kwenye beseni, akainua sufuria ya maji yaliyochemka, akamimina. Nikasikia mlio mdogo, ti, halafu mwingine, halafu mwingine. Nilipofika, 11 zilikuwa zimepasuka. Hazikuanguka wala hazikugongwa na kitu. Zilipasuka zikiwa zimesimama.

Glasi zile nilizichagua mwenyewe kwa sababu zilikuwa nene. Nilizipima mkononi dukani, nikaona uzito wake, nikaamini kwamba unene ndio uimara. Ilinichukua muda kuelewa kwamba unene ule ule ndio uliozipasua. Glasi nene inapomwagiwa maji ya moto, upande wa ndani unatanuka mara moja wakati upande wa nje bado ni wa baridi, na pande hizo mbili zinavutana mpaka ufa unatokea. Glasi nyembamba joto hupenya upesi, kwa hiyo mvutano ni mdogo.

Nimehudumu baa, na sasa nakodisha vyombo vya sherehe. Kinachonisumbua ninapoona wenzangu wakinunua ni kwamba wanaichagua glasi wakifikiria meza kuu. Pale juu glasi inakaa nusu saa, inapigwa picha, imekwisha. Maisha yake mengine yote ni karo, kreti, gari na rafu ya stoo. Huko ndiko inakovunjikia, na huko ndiko pa kuifikiria unapoinunua.

Hatua ya 1: Ijue kazi yake kwanza

Glasi ya baa inaoshwa mara nyingi kwa usiku mmoja, mara nyingi na mtu mwenye haraka, lakini haitoki nje ya mlango. Glasi ya mgahawa inafanya kazi chache, ila mgeni anaitazama kwa karibu na mhudumu anaifuta mpaka ing'ae. Glasi ya kukodisha inasafiri. Leo iko Mwanjelwa, Jumamosi iko Tukuyu, wiki ijayo inapanda Makambako. Hizi ni kazi 3 tofauti, na sijawahi kuona glasi moja inayozifanya zote vizuri.

Uliza pia kitakachomiminwa. Harusi nyingi za huku, hasa za familia za Kimoravian, za Kilutheri na za walokole, shampeni inayofunguliwa na bwana na bibi harusi haina kilevi. Ni juisi ya zabibu yenye gesi. Glasi inayohitajika ni ile ile, kwa sababu gesi ni gesi. Tofauti ni sukari: juisi ikikaukia chini ya glasi nyembamba inanata, na anayeosha atalazimika kusugua kwa nguvu. Kwa kazi za namna hiyo chukua glasi yenye tumbo pana kidogo, ambayo brashi inaingia bila kulazimishwa.

Hatua ya 2: Umbo

Kuna maumbo 3 utakayoyakuta. Lile refu jembamba, ambalo wengi wakisikia glasi ya shampeni ndilo wanalolifikiria, linahifadhi gesi kwa muda mrefu kwa sababu eneo la juu la kinywaji ni dogo. Linapendeza, viputo vinapanda kama uzi. Lakini ndilo rahisi zaidi kuanguka, na ndilo gumu kuosha.

La pili lina tumbo lililovimba kidogo katikati kisha mdomo unarudi ndani, kama ua la tulipu. Kama ungeniuliza nikuchagulie moja kwa ajili ya mgahawa, ningekuchagulia hili. Harufu ya kinywaji inakusanyika, sponji inafika chini, na kwa kawaida ni fupi kuliko lile la kwanza.

La tatu ni bakuli pana juu ya mguu, umbo la zamani. Gesi inaisha haraka humo, na mhudumu akitembea kwa kasi kinywaji kinamwagika. Hata hivyo, mteja akitaka mnara wa shampeni, mnara ule wa glasi unaomiminiwa kutoka juu, hili ndilo pekee linalofaa. Zile ndefu hazipangiki kuwa mnara, usikubali hata akibembeleza. Mnara wa ngazi 4 unahitaji glasi 30: chini 16, kisha 9, kisha 4, juu 1. Ukiongeza ngazi ya 5 unahitaji 55. Zote ziwe za aina moja na kimo kimoja, na midomo yake igusane. Ukichanganya glasi za maduka mawili, tofauti ya milimita chache kule chini inakuwa mnara uliopinda kule juu.

Hatua ya 3: Imetengenezwa kwa nini

Hapa nenda polepole, maana ndipo pesa inapopotea.

Glasi ya kawaida ya dukani imetengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Ni ya bei nafuu na inapatikana popote. Udhaifu wake ni ule nilioueleza mwanzoni, yaani kubadilishiwa joto ghafla. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka yakifika yapata nyuzi 94, si 100. Mtu anaweza kudhani hiyo ni nafuu. Sivyo. Glasi iliyolala kwenye nyuzi 10 ikikutana na maji ya nyuzi 94, tofauti ni nyuzi 84, na glasi ya kawaida, hasa ikiwa nene, mara nyingi haiihimili. Mwenye baa wa Dar es Salaam, ambaye glasi zake asubuhi hazina baridi kama za kwetu, anaweza kulirudia kosa lile lile mara kadhaa kabla ya kuliona. Kwetu Juni hadi Agosti halisameheki.

Ipo glasi iliyokazwa kwa moto. Kiwandani huchomwa hadi zaidi ya nyuzi 600 kisha hupozwa ghafla kwa upepo, hivyo ngozi ya nje inabaki imejibana. Inahimili kugongwa na kubadilika kwa joto kuliko ya kawaida, na ikivunjika inakuwa vipande vidogo vidogo badala ya vyembe virefu. Kwa baa yenye watu wengi naipenda sana. Lakini kwa glasi za mguu soma maandishi ya katoni kwa makini: nyingine zimekazwa mdomo tu, mguu umeachwa kama ulivyo. Pia glasi iliyokazwa ina tabia ya kuvumilia mikwaruzo kimya kimya halafu siku moja ikapasuka yote kwa pamoja. Ndiyo maana hata hiyo haisuguliwi na stilwaya wala haichomekwi ndani ya mwenzake.

Kuna krista. Ile ya zamani ina madini ya risasi, na krista ya risasi kwa kawaida huwa na asilimia 24 au zaidi ya oksidi ya risasi. Ni nzito, inameta, ukiigonga inalia kama kengele, na ni laini, hivyo inakwaruzika upesi. Hiyo iache kwenye kabati la sebuleni. Siku hizi zipo krista zisizo na risasi ambazo zimeongezwa madini mengine ili ziwe ngumu, na baadhi ni imara kuliko glasi ya kawaida ingawa ni nyembamba.

Jina litakalokuchanganya ni Tritan. Kuna glasi halisi ya kampuni ya Ujerumani iitwayo Zwiesel inayotumia jina hilo, ambayo ndani yake mna madini ya titani na zirkoni. Na kuna plastiki ya kampuni ya Marekani iitwayo Eastman yenye jina hilo hilo. Zote mbili ni nzuri kwa kazi yake, lakini ukiagiza kwa simu ukisema tu Tritan, unaweza kuletewa plastiki ulipotaka kioo. Taja neno kioo au plastiki kila unapoagiza.

Hilo linatufikisha kwenye plastiki ngumu. Wapo wanaoona aibu kuiweka mezani, nami sikubaliani nao. Sherehe ikiwa kwenye bustani yenye watoto, kando ya bwawa la kuogelea, au kwenye hema juu ya nyasi zisizo sawa, plastiki ni heshima kwa wageni, maana hakuna atakayekanyaga kigae cha glasi. Plastiki iitwayo polikaboneti karibu haivunjiki kabisa. Kasoro yake ni kufubaa: inakwaruzika, na sabuni kali pamoja na maji ya moto sana huitia ukungu ambao hautoki. Na haina ule mlio wa kugonganisha glasi. Tazama chini ya kitako penye pembetatu ya mishale. Namba 6 ni polistirini, ambayo ni nyepesi na inapasuka ukiiminya, ya kutumia mara moja. Polikaboneti na ile plastiki ya Tritan huwa chini ya namba 7, ila namba hiyo inabeba plastiki za aina nyingi, kwa hiyo bado muulize muuzaji ni ipi.

Hatua ya 4: Ishike, igeuze, ipapase

Glasi ya shampeni ina sehemu 3 zinazovunjika: mdomo, mguu na kitako. Tumbo ni mara chache.

Anza na mdomo. Pitisha kidole taratibu. Kuna midomo iliyoviringishwa, ambayo unahisi kama uzi mnene unazunguka juu. Haipendezi sana ukinywea, lakini inastahimili kugongana. Na kuna midomo iliyokatwa kisha kulainishwa, ni myembamba, kinywaji kinaingia kinywani vizuri, ila humeguka kirahisi zaidi. Baa ichukue ya kwanza isipokuwa kama imekazwa. Mgahawa unaouza shampeni ya kweli uchukue ya pili na ukubali gharama yake. Kidole kikihisi ukali wowote, hata kidogo, rudisha. Ukali huo ndio mwanzo wa mmeguko.

Halafu mguu. Inua glasi kwenye mwanga utazame pale mguu unapokutana na tumbo. Glasi nyingine mguu wake umevutwa kutoka kwenye tumbo lenyewe, kioo kimoja bila kiungo. Nyingine mguu umetengenezwa peke yake kisha ukabandikwa, na utaona mstari au kifundo. Ile ya kuvutwa ni imara zaidi mahali pale. Kama ni ya kubandikwa, tafuta kiungo kinene chenye mteremko, si kile kinachokatika ghafla kama pembe. Mguu mfupi unadumu kuliko mrefu, na hilo halina ubishi. Kila sentimita unayoongeza inampa mhudumu mkono mrefu zaidi wa kuvunjia anapofuta.

Kitako kiwe kipana angalau sawa na sehemu pana ya tumbo. Iweke glasi juu ya kaunta ya dukani, iguse mdomo kwa kidole uisukume kidogo: ikicheza, kitako hakiko sawa. Ijaze maji ujaribu tena, kwa sababu glasi tupu na glasi iliyojaa hazisimami sawa. Nimemwona muuzaji mmoja Sokomatola akinikasirikia kwa kuomba maji ya kujazia glasi. Baadaye akaanza kuwaonyesha wateja wengine.

Hatua ya 5: Ujazo

Glasi ya mililita 170 hadi 220 inatosha. Ukimimina mililita 125, chupa ya mililita 750 inatoa glasi 6. Kwa kugonganisha tu, mililita 100 zinatosha, na chupa inatoa 7. Kwa wageni 200 wa mililita 100 utahitaji chupa kama 27 hadi 29. Ukiwapa glasi kubwa mhudumu ataijaza, na hesabu ya kamati itakwisha kabla ya meza za nyuma.

Hatua ya 6: Kreti kabla ya glasi

Ningependa kila anayeanza kukodisha achague kreti kwanza, kisha glasi inayoingia humo. Kreti za kawaida za kuoshea na kubebea ni za mraba wa sentimita 50. Zenye vyumba 49 zina 7 kwa 7, kila chumba kama sentimita 6 na nusu ukitoa kuta. Zenye vyumba 36 zina kama 7 na nusu. Pima sehemu pana kuliko zote ya glasi yako, ambayo mara nyingi ni kitako. Glasi ya sentimita 6 inaingia kwenye 49, ya sentimita 7 inataka 36. Ikicheza sana ndani ya chumba itagongana na ukuta kila tuta, na ikibana mtu ataivuta akishika mguu wa glasi. Pima na kimo pia: mdomo ubaki chini ya ukingo wa kreti, la sivyo kreti ya juu inakaa juu ya midomo.

Kama kreti hizo hazipatikani, fundi seremala atakutengenezea sanduku la mbao za paini za Mafinga lenye vyumba vya maboksi. Usijaze maranda wala unga wa mbao moja kwa moja kwenye glasi. Unapenya, unanata, na glasi yenye vumbi ikimiminiwa kinywaji chenye gesi inatoa povu mpaka inamwagika.

Kuhusu safari: kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500, hadi Mbeya zaidi ya 800, na katikati kuna kona za Kitonga na matuta kila kijiji. Katoni iliyofungwa kiwandani inavumilia kama imesimama wima na haijabebeshwa mzigo. Mimi nilipokea katoni zilizolazwa chini ya mifuko ya unga. Nilipoziinua zililia kama njuga, nikajua kabla ya kufungua. Tangu hapo nalipia nafasi ya juu kabisa ya mzigo, naandika VYOMBO VYA KIOO pande zote 4, na nafungua katoni mbele ya aliyenikabidhi. Kwa safari fupi za kirikuu, tandika godoro jembamba chini ya kreti. Mtikisiko wa barabara ya vumbi ya kwenda kijijini unameguza midomo zaidi ya mkono wa mlevi.

Hatua ya 7: Bei

Piga hesabu kwa kila kazi, si kwa kila glasi. Tuseme glasi ya shilingi 2,500 inatoka mara 20 kabla ya kuvunjika: kila kazi imekugharimu shilingi 125. Ya shilingi 6,000 ikitoka mara 100, kila kazi ni shilingi 60. Hizo ni namba za mfano, weka za kwako. Andika kwenye daftari kila tarehe ngapi zilitoka na ngapi zilirudi, na baada ya miezi michache daftari litakuambia ukweli ambao muuzaji hakuambii.

La muhimu kuliko bei ni kama aina hiyo itaendelea kuwepo. Glasi nzuri kupita zote usiyoweza kuipata tena mwakani itakuachia seti ya glasi 83 zisizotosha wageni 100. Chagua aina ambayo umeiona dukani zaidi ya mara moja, ikiwezekana kwa wauzaji wawili. Na tangu siku ya kwanza nunua za ziada, kama 10 katika kila 100.

Hatua ya 8: Kabla hujaagiza zote

Nunua 6. Zipeleke kwenye karo lako, kwa mtu wako anayeosha kila siku, wala usimwambie kwamba unazijaribu. Wakati huo weka utaratibu utakaozitunza hata ukinunua 300: zikiwa zimelala mahali pa baridi, ziingizwe ndani zipoteze ubaridi wake kwanza, zisuuzwe kwa maji ya vuguvugu, ndipo zioshwe kwa maji ambayo mkono unayavumilia. Kuua vijidudu kufanywe kwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, si kwa maji yanayochemka. Ndani ipite brashi ya chupa yenye sponji kwenye ncha, na mtu asisukume mkono humo, maana hapo ndipo vidole vinapokatwa. Suuza mara mbili, kwa sababu mafuta na sabuni iliyobaki huua viputo na mgeni atadhani shampeni imechacha. Zikauke juu ya wavu, si juu ya saruji.

Simama umtazame anapofuta. Akishika kitako kwa mkono mmoja na kuzungusha kitambaa mdomoni kwa mwingine, mguu utakatika, leo au kesho. Mfundishe ashike tumbo lenyewe anapofuta mdomo, kisha afute mguu na kitako peke yake, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Zisafirishe hata kama hakuna sherehe. Ziweke kwenye kreti, zipande kirikuu hadi Tukuyu na kurudi pamoja na mizigo mingine. Zikifika nyumbani pitisha kidole kwenye kila mdomo. Yenye mmeguko usiiweke pembeni kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, ifunge kwenye gazeti uitupe, kwa sababu iliyowekwa pembeni hurudi mezani siku glasi zikipungua. Zikibaki 6 nzima baada ya wiki mbili za hivyo, piga simu uagize.